Kota Isiyopungua

Mwaka kiwanda cha nguo kilipofungwa, kota yetu ilikuwa na milango tisini na sita na watu mia tano na kumi na wawili. Namba hizo ni za kweli. Nazitaja mapema kwa sababu zilizofuata nilizitia chumvi, na binti yangu wa pekee akaja akajenga elimu yake yote juu ya chumvi hiyo.

Nilikuwa karani wa kota. Shule niliishia darasa la nne. Mengine niliyaokota kwenye magazeti yaliyofungiwa sabuni, ndiyo maana mpaka leo habari nyingi za dunia nazijua hadi pale karatasi ilipochanika. Lakini kuhesabu nilijua. Kila Jumamosi asubuhi nilipita mlango kwa mlango na daftari kubwa la jalada jeusi, nagonga, nauliza, "Wangapi?" Kiwanda kilisukuma maji kwenye tangi la kila safu kwa idadi ya vichwa, kwa hiyo hesabu ile haikuwa mchezo.

Tatizo lilikuwa zamu. King'ora kililia mara tatu kwa siku, na atakayebisha akawaulize wenzangu: kuku wa kota ile walikuwa wakitaga kwa zamu. Nikigonga mlango asubuhi, baba yuko kwenye mashine, mama kalala fofofo kwa sababu katoka zamu ya usiku, watoto wako mtoni. Basi jirani ndiye aliyeitikia. "Wapo sita, karani!" anapaza sauti huku mikono imejaa povu, nami naandika sita. Ikawa ndiyo desturi yetu. Jirani humwitikia jirani, na karani haulizi mara mbili. Kumwacha mwenzako bila kumwitikia ilikuwa aibu, maana wiki hiyo watoto wake wangekosa maji kwa ajili ya uvivu wa mdomo wako.

Kisha mashine zikafunguliwa, zikapakiwa kwenye malori, zikaenda zilikokwenda.

Wa kwanza kuondoka alikuwa fundi rangi wa mlango namba kumi na saba, na mkewe na watoto wanne. Wanakwenda kwa kaka yake miezi mitatu tu, alisema, mambo yakitulia watarudi. Nilimbebea begi moja mpaka kituoni. Jumamosi iliyofuata nikafika kumi na saba, nikakuta kufuli. Kabla sijageuka, sauti ikatoka kumi na nane, kwa Mama Cherehani.

"Wapo! Sita!"

Nilimtazama. Alikuwa ameketi kizingitini, pini mdomoni, gauni la mtu magotini.

"Mama Cherehani, hawa nimewasindikiza mwenyewe."

"Kwani nimekuuliza umemsindikiza nani?"

"Na hili kufuli?"

"Wewe unahesabu watu au unahesabu makufuli? Andika, baba, jua linapanda."

Nikaandika sita. Nilijiambia ni miezi mitatu.

Ofisi ya kiwanda ilikuwa imeshafungwa, na hakuna aliyekuwa akilisoma tena daftari langu. Hakuna aliyeniomba niendelee, wala aliyeniambia niache. Nikaendelea. Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine, na kila uliofungwa ukapata wa kuuitikia. Mama Cherehani peke yake akafikisha milango kumi na mmoja. Simu za mkononi zilipoingia, mambo yakanoga zaidi. "Fundi rangi wamepata mtoto wa kike, weka saba." Naweka saba. "Yule kijana wa namba thelathini kaoa huko huko, weka wawili." Naweka wawili. Habari njema zote zilifika kwangu Jumamosi asubuhi. Za misiba hakuna aliyeniletea. Ndiyo ikawa kwamba kwa miaka kumi na tisa, nyuma ya milango ile yenye makufuli, hakufa mtu hata mmoja. Daftari likafika watu mia tano arobaini na saba. Wa kuwaona kwa macho walikuwa themanini na wanane.

Nyumba yangu ilikuwa namba arobaini na moja. Mimi, mke wangu aliyekuwa mfumaji wa zamu ya pili, na binti yetu. Watatu. Mke wangu alifariki mwaka wa kumi na moja tangu kiwanda kifungwe, kwa homa ya siku nne. Binti alikuja kutoka chuo, akakaa siku za msiba, Ijumaa akarudi kwenye mitihani. Jumamosi nikashika daftari, nikapita kama kawaida mpaka nikafika mlangoni pangu mwenyewe, na pale miguu ikagoma. Jirani yangu wa arobaini na mbili, Fundi Winchi, mtu ambaye akikunong'oneza wanasikia safu ya tatu, alitoka na kikombe cha chai, akaniona nimesimama mbele ya mlango wangu kama mgeni. Kisha akasema, polepole kwa mara ya kwanza maishani mwake, "Wapo watatu, karani."

Nikaandika watatu. Jumamosi iliyofuata vilevile.

Binti yangu tulimwita Bibi Maswali tangu ana miaka mitatu. Huko chuoni alichagua jiografia, na si ile ya milima na mito. Yake ilikuwa ya watu: nani anahama, nani anabaki, kwa nini mji huu unavimba na ule unasinyaa. Alipofikia shahada ya juu kabisa alichagua kuchunguza ukanda wetu, miji yote iliyotegemea viwanda vilivyokufa. Alikuwa amekwisha kuahidiwa nafasi kwenye ofisi ya mipango ya mkoa, akimaliza tu. Siku moja akanionyesha kwenye kompyuta yake mistari ya rangi rangi, kila mji na mstari wake, na yote ilikuwa inateremka kama watu wanaoshuka kisimani.

"Baba, kwenye miji hii hakuna aliyeandika kitu. Tunakisiakisia tu, sensa ni kila miaka kumi. Yale madaftari yako bado yapo?"

Yalikuwa chini ya kitanda. Aliyatoa akayapuliza vumbi, akakaa sakafuni na miguu ameikunja kama alipokuwa mdogo.

"Kila Jumamosi? Miaka kumi na tisa yote?"

"Malaria tu ndiyo iliyonilaza, mara mbili. Na hizo mara mbili nilipita nikiwa na blanketi."

"Baba, wewe unajua kwamba wewe ni hazina?"

Mtu akikuita hazina, na mtu huyo ni mwanao, utamwambia nini? Nilisema nikamwekee maji ya chai.

Alipiga picha kila ukurasa. Akaziingiza namba kwenye kompyuta mwenyewe, kwa vidole vyake, miezi mitano. Kisha siku moja akanipigia simu anapiga kelele mpaka nikaisogeza mbali na sikio. "Baba! Hatupungui! Miji yote inateremka, kota yetu inapanda!" Alikuwa amegundua kitu ambacho wataalamu wenzake hawajawahi kukiona. Alisema lazima kuna siri, na siri ni ujirani, namna watu wa kota wanavyoshikana. Akaipa kazi yake jina: Kota Isiyopungua.

Alikuja kutazama. Akaona makufuli, akauliza. Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikafungua bomba la hadithi, maana nikibanwa ndivyo mdomo wangu unavyofanya. Nikamwambia wanafanya kazi mji wa pili, wanachukuliwa alfajiri na basi la kampuni, wanarudishwa jua likizama. Nikalipaka basi lile rangi ya bluu. Nikalipatia dereva mwenye jino la dhahabu anayeimba njia nzima, abiria wakawa hawataki kushuka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kama alivyokuwa akicheka utotoni nikimwambia kwamba mama yake alifuma kitambaa kirefu mpaka kikatokea upande wa pili wa dunia. Aliandika "wanafanya kazi mji jirani" kwenye karatasi yake. Msimamizi wake alimshauri apite mwenyewe mlango kwa mlango japo mara moja. Alimjibu, "Karani ni baba yangu."

Nilikwenda kwa Mama Cherehani nikamweleza. Aliacha kukanyaga cherehani.

"Ukimwambia sasa, karani, umemharibia. Usipomwambia, umemmaliza kabisa. Nenda kamwambie."

"Nianzie wapi?"

"Anzia popote, baba. Wewe si bingwa wa kuanza hadithi?"

Nilipanga kusema Jumapili. Jumapili alikuja na koti jipya la kijivu, kanishonea kwa vipimo vya koti la zamani, na barua ya mwaliko. Jumatano angesimama mbele ya wataalamu kuitetea kazi yake, na alitaka nikae mstari wa mbele. Nililijaribu koti. Akaninyooshea kola, akarudi nyuma hatua mbili, akasema, "Mama angekuona." Jumapili ikapita.

Ukumbi wenyewe ulikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia, viti vya plastiki na pazia moja lililokatika ndoano. Binti yangu alizungumza nusu saa bila kutazama karatasi. Mstari wetu ulikuwa ukutani, mwekundu, unapanda huku mingine yote inashuka, na watu nyuma yangu walikuwa wananong'ona kwa heshima. Nilisahau kwamba ni uongo. Kwa dakika kadhaa niliiona kota nzima imejaa, na watoto wanakimbizana kati ya safu.

Kisha mmoja wa wataalamu, mzee mwembamba wa takwimu mwenye miwani iliyofungwa uzi, akanyoosha kalamu.

"Kazi nzuri. Swali langu dogo tu. Hawa watu, mbona hawafi?"

Watu wakacheka. Binti yangu naye akatabasamu.

"Watu zaidi ya mia tano, miaka kumi na tisa," mzee akaendelea, naye hakuwa anacheka. "Nilitegemea vifo kama mia hivi. Nimehesabu kumi na kimoja, na vyote vimetoka kwenye milango ile ile thelathini. Milango mingine wanazaliwa tu."

"Tunadhani vijana ni wengi—"

"Huenda. Hebu tuchukue nyumba unayoijua. Yenu ni namba ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Daftari linasemaje, wiki iliyopita?"

Binti yangu alibofya. Ukutani ikatokea safu ya namba arobaini na moja. Tatu. Tatu. Tatu. Akavuta nyuma, tatu. Akavuta tena, mwaka mzima, miaka mitatu, minane, tatu tupu kama vifungo kwenye shati. Mkono wake ukasimama. Namba hizo aliziingiza yeye. Zaidi ya mia nne. Alikuwa amezipita bila kuziona, kwa sababu kwake nyumbani ni watu watatu, na hakuna mtu anayehesabu kwao.

Mzee wa takwimu aliniona. Nadhani aliniona nilivyoshika kiti.

"Mzee, nimesikia karani mwenyewe yuko hapa. Tusaidie. Arobaini na moja, wangapi?"

Nilisimama. Koti lilikuwa linanibana kwapani. Binti yangu alikuwa ananitazama, na macho yake hayakuwa na hasira bado, yalikuwa yananisubiri tu, kama anayekusubiri umalize ngazi. Neno moja lingetosha. Ningesema, wanisamehe, mtoto huyu hajui chochote, kosa ni langu. Yangeishia hapo, angepona.

"Watatu," nikasema.

Na kwa kuwa hakuna aliyesema kitu, na kimya mimi sikiwezi, nikaongeza: "Mama yake tu ndiye hakuweza kuja. Miguu inamsumbua siku hizi."

Sijui ilitoka wapi. Ilitoka ikiwa imekamilika, na miguu yake na kila kitu.

Binti yangu aliinamisha kichwa. Alipokiinua alisogea kwenye kipaza sauti.

"Mama yangu alifariki miaka minane iliyopita," alisema. "Namba hizi haziaminiki. Naomba niishie hapa."

Akazima kompyuta, na mstari mwekundu ukatoka ukutani.

Nilimkuta koridoni, anakunja waya wa kompyuta. Aliukunja, akaukunjua, akaukunja tena.

"Kuna ukurasa wowote wa kweli, baba?"

"Wa mwanzo mwanzo. Wakati kiwanda—"

"Basi la bluu?"

Nilianza kufungua vifungo vya koti.

"Dereva mwenye jino la dhahabu. Nimemwandika, baba. Jino sikuliandika, lakini yeye yumo, ukurasa wa mia na nne."

"Ningekwambia Jumapili."

"Ulisema miguu inamsumbua."

"Ilinitoka tu, mwanangu."

"Mimi nilikuwepo. Nilimshika miguu hiyo nikiiosha." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. "Umemfufua mbele za watu ili namba yako ikae sawa."

"Si kwa ajili ya namba."

"Kwa ajili ya nini?"

Maisha yangu yote sijawahi kukosa jibu. Siku ile nilikosa. Alisubiri kidogo, akaweka waya kwenye begi, akaenda. Nilirudi kota peke yangu, koti nimelivua nimelishika mkononi.

Chuo hakikumfukuza. Walimpa mwaka mmoja aanze upya, bila ufadhili, na hesabu mpya ya mlango kwa mlango. Nafasi ya ofisi ya mipango akapewa mwingine. Hayo niliyasikia kwa Mama Cherehani, kwa sababu yeye alikuwa anampigia na simu yake ilikuwa inapokelewa. Yangu iliita mpaka ikachoka. Jumamosi nilikaa ndani. Watu waliokuwa wamezoea kuniitikia walikuja kuchungulia dirishani kama naumwa.

Baada ya miezi minne alikuja. Alifikia gesti ya karibu na kituo, asubuhi akaingia kota na kitambulisho shingoni, ubao wa kuandikia na rundo la madodoso, yaani zile karatasi za maswali. Alianzia namba moja. Nilikuwa naona kutoka dirishani. Alipofika kumi na saba akagonga, na nikamwona Mama Cherehani akiinuka kizingitini kwake kwa mazoea ya miaka ishirini.

"Wapo—" akaanza.

Binti yangu akamgeukia, kalamu juu.

Yule mama akakaa chini. "Hakuna mtu, mwanangu. Fundi rangi alifariki mwaka juzi. Mkewe yuko na watoto huko huko, hawarudi."

Akaandika. Wakaenda hivyo mlango wa ishirini, wa ishirini na tatu. Mama Cherehani akawa anatembea naye sasa, anafunguka: huyu alikufa kwa ajali, huyu hatujui alipo, huyu kitoto chake kile hakikuishi. Nyumba kwa nyumba nilikuwa nasikia misiba ya miaka kumi na tisa ikifika yote kwa siku moja. Majirani walitoka nje. Baadhi yao walikuwa wanasikia kwa mara ya kwanza. Mke wa Fundi Winchi alilia kwa sauti, na Fundi Winchi akamwambia anyamaze, kisha naye akashindwa.

Jua lilikuwa kichwani alipogonga kwangu. Nilikuwa nimefagia mara mbili na kuweka chai.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Nitasimama, nina nyumba nyingi. Mkuu wa kaya ni nani?"

"Si unajua—"

"Dodoso linataka uniambie mwenyewe, mzee."

Mzee. Hata baba hakuniita.

"Ni mimi," nikasema.

"Waliolala hapa usiku wa kuamkia leo ni wangapi?"

Nilitazama kidole chake kilivyoshika kalamu, kidole cha mama yake, kimepinda kidogo mwishoni.

"Mmoja."

Aliandika. "Katika miaka kumi iliyopita, kuna mwanakaya aliyefariki?"

"Mmoja. Mke wangu. Homa. Siku nne." Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Sikuwahi kuyasema maneno hayo yote kwa mpangilio huo.

Akaandika.

"Kuna mwanakaya aliyehama?"

"Mmoja. Binti."

"Alihama lini?"

"Jumatano ile."

"Sababu ya kuhama. Kazi, masomo, ndoa, au nyingine?"

"Weka nyingine."

Aliweka alama. Bado lilikuwepo swali moja, nililiona kichwa chini kutoka upande wangu wa ubao, na nilimwona akitaka kuliruka. Hakuliruka. Alikuwa amejifunza.

"Anatarajiwa kurudi? Ndiyo, hapana, au sijui."

"Hilo si ungelijibu wewe, mwanangu?"

"Anayejibu ni mkuu wa kaya."

Majirani walikuwa nje. Mdomo wangu ulikuwa na ndiyo tayari, ndiyo nzuri, yenye tarehe na mzigo na kilio cha furaha, ningeweza kumsimulia mpaka jioni. Alikuwa ananitazama usoni, na sasa alikuwa analia, bila kujifuta, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshika ubao.

"Weka sijui," nikasema.

Akaweka. Akakagua karatasi kama yote imejazwa, akaniomba niweke sahihi pale chini. Nikaweka.